Oili ya Trekta Inapokwenda Pasipojulikana



Yamkini baadhi yenu mtashangaa kuona mkaguzi wa ushirika, ambaye kazi yake ni vitabu vya hesabu, ameshika kalamu kuandika habari za sili, oringi na pampu. Mimi si fundi. Elimu yangu ni ya sekondari pamoja na kozi za ushirika, na mikono yangu imezoea leja kuliko spana. Lakini katika kukagua vyama vinavyomiliki matrekta madogo nimekuta jambo moja likirudi tena na tena: fungu la oili katika hesabu za matumizi hupanda, na ndani ya chama hakuna awezaye kueleza oili hiyo inakwenda wapi. Wa kwanza kuulizwa huwa ni dereva. Naandika makala haya kwa sababu safari moja mimi mwenyewe niliuliza vibaya, na mtu akaumia.

Chama chenyewe, ambacho sitakitaja jina, kiko katika ukanda wa mpunga. Kilikuwa na trekta dogo la nguvu farasi 30 hivi, na wanachama walilikodi kwa zamu tangu mvua za kwanza. Nilipofika kukagua nilikuta stakabadhi za oili ya haidroliki lita 17, zilizonunuliwa katika muda wa miezi mitatu, mbali na ile iliyojazwa mwanzoni mwa msimu. Nikalizunguka trekta lile mara mbili, nikainama nikatazama chini yake. Palikuwa pakavu. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba lita 17 "hazina maelezo", na sote twajua jinsi maneno hayo yanavyosomwa katika mkutano wa wanachama. Wajumbe wawili wa bodi wakaenda nyumbani kwa dereva, wakakuta debe lenye oili kiasi cha nusu. Dereva akajieleza kwamba ameitoa katika injini, maana kila baada ya siku kadhaa oili ya injini ilipanda ikapita alama ya juu ya kijiti, naye akawa anaipunguza. Mwenyekiti akamjibu, "Injini haizai oili, bwana." Watu wakacheka. Dereva akasimamishwa kazi, na wiki ile ndiyo iliyokuwa wiki ya kulima.

Nitamrudia dereva huyo baadaye. Kwanza haina budi tuelewe oili hii inafanya kazi gani, kwa kuwa asiyejua njia zake hawezi kujua imepotelea wapi.

Nguvu ya kunyanyulia

Trekta dogo hunyanyua plau, haro au rotaveta kwa nguvu ya oili iliyobanwa. Kanuni yake iliwekwa wazi na Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662: presha inayotiwa mahali pamoja katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Pampu huvuta oili kutoka katika boma la giaboksi kupitia chujio, ikaisukuma hadi kwenye valvu inayoongozwa na mkono wa dereva, na valvu hiyo ikaipeleka katika silinda. Ndani ya silinda mna pistoni, na pistoni ndiyo isukumayo mikono ya kunyanyulia zana. Dereva akishusha mkono, oili hurudi bomani.

Tupige hesabu kidogo. Katika matrekta madogo mengi presha ya juu kabisa huwekwa kati ya kilo 130 na 180 kwa kila sentimita mraba. Tairi la gari dogo lina presha ya kilo 2 hivi tu. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 8 ina eneo la sentimita mraba 50, kwa hiyo presha ya kilo 150 huisukuma kwa nguvu ya kilo 7,500. Nguvu hiyo yote haifiki kwenye ncha za mikono, kwa sababu ya urefu wa wenzo, lakini yatosha kutuonyesha ni mzigo gani unaozuiwa na kipande cha mpira kisichozidi unene wa kamba ya kiatu. Kipande hicho ndicho mafundi wakiitacho oringi. Kikikatika au kikikauka, oili itatafuta njia.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba katika matrekta haya oili ya haidroliki na ya giaboksi aghalabu ni moja. Oili ile ile inayonyanyua plau ndiyo inayolainisha gia, na katika matrekta mengi ndiyo inayopoza breki zilizo ndani ya ekseli. Kwa hiyo ikipungua haipungui kwa plau peke yake. Kadhalika mtu akiongeza oili nzito ya gia, ile iliyozoeleka katika magari ya zamani, eti kwa kuwa nzito haivuji upesi, huitesa pampu, maana asubuhi haiwezi kuivuta. Oili inayofaa ni ile iliyotajwa katika kitabu cha trekta. Nimekuta vyama ambavyo kitabu hicho kimefungiwa kabatini kwa katibu, na dereva hajapata kukiona.

Hatari iliyo katika tundu dogo

Kabla sijaeleza namna ya kutafuta mvujo, naomba kila mwenyekiti awasomee dereva na fundi wake maneno haya yafuatayo, hata kama mengine yote atayaacha.

Mtu asitafute mvujo kwa kupitisha kiganja juu ya bomba lenye presha. Oili inayotoka katika tundu dogo kama ncha ya sindano huweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, na mara nyingi aliyetobolewa huona kidoa tu, kama aliyechomwa na mwiba, wala hasikii maumivu makubwa saa ile. Maumivu huja baadaye, mkono ukiwa umevimba. Mtu wa namna hiyo asikandwe, asifungwe dawa nyumbani, wala asingoje kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile, na mganga aambiwe wazi kwamba ni oili iliyoingia kwa presha, kwa kuwa kidonda hicho huhitaji kupasuliwa na kusafishwa mapema. Waliochelewa wamekatwa vidole, na wengine mkono.

Mvujo wa namna hiyo hutafutwa kwa kipande cha boksi la karatasi ngumu au ubao, kikipitishwa karibu na bomba huku mtafutaji amekaa kando na amevaa miwani. Oili itachora mstari kwenye boksi. Na kabla ya kulegeza nati yoyote, zana ishushwe hadi ardhini, injini izimwe, kisha mkono wa kunyanyulia usogezwe mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki iishe. Mtu asiingie chini ya plau iliyoning'inizwa na oili peke yake. Iwekewe magogo ya kuikinga.

Kutafuta mvujo wa nje

Sasa tuje kwenye mvujo unaoonekana. Huu ndio mwepesi, na hata hivyo ndio unaopotezewa fedha nyingi, kwa sababu watu hubadilisha sili iliyo karibu na doa la oili badala ya kutafuta oili ilikotoka. Oili haikai mahali ilipotokea. Hutambaa juu ya chuma, hufuata mabomba, na upepo wa feni ya injini huisukuma nyuma. Ikiangukia chini ya ekseli, huenda chanzo chake ni kiungio cha bomba kilicho mita nzima mbele.

Njia ya hakika ni kuosha. Trekta lioshwe kwa dizeli na brashi, au kwa maji ya sabuni, likaushwe kwa kitambaa mpaka chuma kionekane. Kisha sehemu zinazoshukiwa zipakwe vumbi la chaki, ile ile ya ubaoni. Injini ipigwe moto, mikono inyanyuliwe na kushushwa mara kumi au kumi na tano mpaka oili ipate joto, halafu injini izimwe na watu watazame. Palipo mvujo, chaki hugeuka nyeusi. Pawe na madoa mengi, la kuamini ni lile lililo juu zaidi na mbele zaidi.

Rangi nayo husaidia. Oili ya haidroliki iliyo njema ina rangi ya asali, na ile ya injini ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache za kazi. Hili lina faida hasa penye klachi. Chini ya nyumba ya klachi pana tundu dogo la kutolea uchafu, nalo likianza kutoa matone mtu huwa hajui alaumu upande gani. Tone jeusi latoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Tone la rangi ya asali latoka mbele ya giaboksi. Katika hali zote mbili trekta litagawanywa vipande viwili, lakini ni vyema kujua sili ya kununua kabla ya kuligawanya.

Wengine husema, "Ni tone tu." Matone kama 20 hujaza sentimita moja ya ujazo. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa, yaani sentimita 180 za ujazo, na kwa siku ya saa nane ni lita moja na karibu nusu. Mwenye kuuza oili atafurahi.

Katika maeneo ya mpunga, ambayo ndiyo niyajuayo zaidi, mvujo hutokea sana kwenye sili za ekseli na kwenye shafti ya kuzungushia zana, kwa kuwa majani, kamba za magunia na hata nyaya hujizungusha pale zikaikata sili. Dereva akitoka majarubani azitazame sehemu hizo kila jioni. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haigharimu hata senti moja kuiondoa, nayo ni kipumulio. Boma la giaboksi lina kifuniko kidogo chenye tundu la kupitishia hewa, ili oili ikipata joto na kutanuka hewa itoke. Tope likiziba tundu hilo, hewa iliyobanwa humo husukuma oili kwenye sili. Chama kimoja kilibadilisha sili ya ekseli mara tatu katika msimu mmoja, na kila mara ikavuja baada ya siku chache. Safari ya nne fundi alisafisha kipumulio kwa kijiti na mafuta ya taa, na sili ikatulia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzipitisha stakabadhi zote tatu bila swali, maana zilikuwa na sahihi na muhuri.

Niseme pia habari ya matengenezo ya kubabaisha. Oringi iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi haifai, kwa sababu mpira ule hunyonya oili, ukavimba na kulainika. Bomba la presha lililofungwa kwa ukanda wa mpira na waya ni hatari tupu. Bomba la namna hiyo likionyesha nyuzi zake za chuma, au likivimba mahali, libadilishwe. Gundi ya gaski ikipakwa kupita kiasi hukatika ndani vipande vidogo vikaziba chujio. Nati ya kiungio isikazwe kwa hasira, kwa kuwa kiungio kilichopasuka hakizibiki tena, na wakati wa kukaza zishikwe spana mbili, moja kushika na moja kuzungusha, ili bomba lisijisokote. Washa za shaba zaweza kutumika tena iwapo zitachomwa mpaka ziwe nyekundu kisha zikapozwa, maana shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu na moto huirudishia ulaini wake.

Mvujo usiomwagika

Ugumu unaanza pale oili au nguvu inapopotea ilhali chini ni pakavu. Hapo pana njia tatu, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni mvujo wa upande wa kuvuta, kati ya chujio na pampu. Upande huu hauna presha, una mvuto. Kwa hiyo injini inapofanya kazi, penye ufa haitoki oili bali huingia hewa. Dalili zake ni pampu kulia kama nyuki, mikono kupanda kwa kuruka-ruka, na oili kuwa na povu. Watu wengi huona povu wakasema maji yameingia, na kwa kweli maji nayo huifanya oili iwe nyeupe kama maziwa. Kuna njia ya kupambanua. Chota oili kidogo katika chupa safi na uiache usiku mmoja. Povu la hewa litakuwa limepanda juu na kutoweka, oili ikarudia rangi yake. Oili yenye maji hubaki na weupe wake, au maji huketi chini. Kadhalika tone la oili yenye maji likidondoshwa juu ya kipande cha chuma cha moto hupasuka-pasuka kwa sauti, na lisilo na maji hutoa moshi tu. Penye hewa, kaza vibano vya bomba la kuvuta na utazame oringi ya chujio. Penye maji, oili yote imwagwe.

Njia ya pili ni mvujo wa ndani. Oili hupita kando ya pistoni, au ndani ya valvu, ikarudi bomani bila kutoka nje. Oili haipungui hata kidogo kwenye kijiti, lakini plau haikai juu. Kipimo chake ni chepesi: nyanyua zana nzito hadi juu, zima injini, pima kwa rula umbali wa ncha ya zana kutoka ardhini, kisha pima tena baada ya dakika kumi. Zana kushuka polepole mno ni jambo la kawaida kwa trekta lililofanya kazi miaka mingi, na kitabu cha trekta ndicho cha kufuata. Lakini ikishuka sentimita kadhaa kila dakika, na ukisikia injini ikijikaza kila mara kuirudisha juu, basi oringi ya pistoni au valvu imechoka. Fundi akiifungua silinda asisahau kwamba penye oringi na pete yake ngumu ya kuiegemeza, oringi hukaa upande inakotoka presha na pete hukaa upande wa pili. Zikipishana, kazi itarudiwa kabla ya mwezi kwisha.

Njia ya tatu ndiyo iliyomponza dereva wetu.

Injini iliyozaa oili

Matrekta makubwa ambayo wazee wetu waliyazoea, kwa mfano Massey Ferguson 135, yana pampu iliyowekwa ndani ya boma la nyuma, imezama katika oili. Pampu ya namna hiyo ikivuja sili, oili huangukia mle mle ilimotoka. Lakini katika matrekta madogo mengi pampu imefungwa ubavuni mwa injini, ikazungushwa na gia za injini yenyewe. Upande mmoja wa shafti ya pampu una oili ya injini, na upande wa pili una oili ya haidroliki. Kinachozitenga ni sili moja ndogo. Mdomo wa sili hiyo ukikauka kwa joto au ukachakaa, oili ya haidroliki hupenya ikaingia katika injini, ikashuka chini kwenye sampu. Nje hapatoki tone. Boma la giaboksi hupungua, na injini hujaa.

Fundi aliyeitwa mwanzoni na bodi alikuwa mzee mwenye kuheshimika, aliyelelewa na matrekta ya aina ya kwanza. Alipoulizwa kama oili yaweza kupita kutoka haidroliki hadi injini, alisema haiwezekani, na kwa matrekta aliyoyajua alikuwa mkweli. Mimi nikaridhika na jibu lake, kwa sababu liliungana na taarifa niliyokwisha kuiandika.

Akawekwa dereva mwingine wa muda. Huyu hakuwa na desturi ya kutazama kijiti cha injini kila asubuhi. Siku ya tisa trekta likaanza kutoa moshi wa buluu na kutema oili kwenye bomba la kupumulia la injini. Hapo Mungu alitukinga, kwani injini ya dizeli iliyojaa oili kupita kiasi huweza kuinywa oili hiyo kama dizeli, ikaongeza mbio yenyewe na isizimike kwa ufunguo. Injini iliyofika hapo huzimwa kwa kuziba njia yake ya hewa, na ni wachache wanaolijua hilo wakati wa fadhaa. Dereva wa muda alilizima mapema, likakokotwa hadi bandani.

Fundi kijana kutoka wilaya jirani, aliyekwisha kuyafungua matrekta ya aina hiyo, alifungua nati ya chini ya injini na kukinga oili katika ndoo yenye alama za lita. Kitabu kilisema injini hiyo inachukua lita 6. Zilitoka lita 9 na nusu. Akaingiza kijiti cha giaboksi, kikatoka kikavu. Hakusema neno, akaanza kuifungua pampu. Mdomo wa sili ulikuwa mgumu kama ganda la embe lililoanikwa, umevunjika sehemu moja.

Nikakumbuka lile debe. Oili iliyokuwamo ilikuwa nyeusi. Lita 17 zilizonunuliwa zilikuwa za oili ya haidroliki, yenye rangi ya asali, na mwizi wa oili mpya hangeichafua kwanza ndipo aitie debeni. Wajumbe wawili wa bodi waliiona, mwenyekiti aliiona, nami niliiona. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni nyeusi. Tulipolipima debe tulikuta lita 9, na lita 8 zilizosalia zilitoka pamoja na oili chafu katika serviss mbili za injini, ambayo haikupimwa kwa kuwa ni desturi kuimwaga.

Sili hiyo bei yake haifiki bei ya mfuko mmoja wa mbolea, lakini haikupatikana mkoani, na trekta lilikaa bandani wiki tatu. Wanachama ambao zamu zao ziliangukia wiki hizo walilima kwa jembe la mkono sehemu waliyoweza, wakaacha iliyobaki. Dereva alirudishwa kazini na kulipwa siku zake zote. Niliandika taarifa ya pili, ikasomwa katika mkutano mkuu mbele yake. Ile ya kwanza bado imo katika jalada, kwa sababu taarifa ya ukaguzi haing'olewi.

Jinsi ya kupima, na ya kuandika

Chama kikiona oili ya haidroliki inapungua bila mvujo wa nje, kisingoje mkaguzi. Trekta lisimamishwe mahali pa sawasawa, zana ishushwe, injini izimwe na ipoe. Boma la giaboksi na injini vyote vijazwe hadi alama ya juu, visizidi. Lifanye kazi kwa saa kumi, kisha lirudishwe mahali pale pale na vijiti vyote viwili visomwe. Cha giaboksi kikishuka na cha injini kikapanda, mshukiwa wa kwanza ni sili ya shafti ya pampu, wala haifai kuendelea kulima. Cha injini kikipanda peke yake, tafuta kwingine: oili iliyo nyepesi na yenye harufu ya dizeli ina dizeli iliyovuja kutoka mfumo wa mafuta, na oili nyeupe kama maziwa ina maji, hasa ikiwa na rejeta inapungua.

Vyama vingi vina daftari la trekta lenye safu za tarehe, saa za kazi, eka zilizolimwa, dizeli na oili iliyoongezwa. Safu hizo ni njema lakini zina upungufu ambao nami sikuuona kwa miaka mingi. Hazina mahali pa kuandika oili iliyotoka. Naomba ziongezwe safu tatu: kijiti cha injini asubuhi, kijiti cha giaboksi asubuhi, na oili iliyotolewa, kwa lita, pamoja na rangi yake. Oili ya serviss ikingwe katika chombo chenye alama, ipimwe, iandikwe, ndipo ihifadhiwe. Daftari likae kwa dereva wakati wa kazi, na kila Jumamosi lisainiwe na mjumbe mmoja wa bodi aliyevisoma vijiti hivyo kwa macho yake. Dereva asiyejua kusoma vizuri asaidiwe na karani wa bohari; isiwe sababu ya kumnyima daftari.

Nimeanza kuzitafuta safu hizo katika kila chama chenye trekta ninachokikagua, na pasipo nazo naandika hoja. Katika chama cha kisa hiki nilizikuta zimechorwa kwa rula, kwa mkono wa dereva mwenyewe. Lita 9 za debe lake zimeingizwa katika leja ya bohari kama oili chafu, na zilizotolewa tangu wakati huo ni lita 4, za kupaka majembe ya plau yasipate kutu.